Beseni ya Kabange

Uvumilivu wangu uliisha asubui ya siku ya nne kiisha kuzaa mapasa. Nilikuwa kitandani, mutoto mumoja kwa kila ziwa, wakati mama yangu alipoingia toka kwenye robine, bomba la mayi la avenue yetu, na beseni mbili. Moja ilijaa. Ya pili ilikuwa kavu, namna ilivyotoka nyumbani.

— Mama, na hii nyingine?

— Muzungu wa robine, Bwana Kipimo, anasema: kuzaliwa, beseni moja. Hana ruhusa ya kutoa, lakini anatoa kwa roho yake muzuri. Anasema tumushukuru.

— Haukumuambia ni mapasa?

— Nilimuambia. Niliona anakataa, nikafungua kitambaa, nikatoa jetoni nilipie ya pili. Kisha nikawaza: mumoja anapewa zawadi, mwenzake ananunua? Nikarudisha jetoni mu kitambaa.

— Sasa ulifanya nini?

— Nilimushukuru, akasema mama, na akaanza kulia.

Nikasimama. Vitovu vya watoto havikuwa vimeanguka bado, na kwetu muzazi hapiti mulango mpaka kitovu kianguke. Nilipita.

Lakini ninawapeleka mbio. Nimepanga mulongo wa watu wa mayi miaka saba, na mulongo wa mambo yangu mwenyewe umenishinda. Tuanze vizuri. Georgette na Marie-Jeanne, dada zangu wadogo wa kazi, ninyi ndio munashika sasa ufunguo wa robine yetu, na muliniomba niandike kazi ile ilikuwa namna gani. Ninaandika nikiwa mustaafu mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Musicheke. Wanaume wa gari la moshi wanastaafu na nywele nyeupe. Mimi nimestaafu na watoto wawili na maziwa yanayovuja kwenye daftari. Juu ya mushahara sitasema kitu, sababu ukiutaja haraka haraka hausikiki. Na hasira yangu bado iko muzima. Ninainyonyesha pamoja na watoto.

Muliniuliza pia kwa nini nguzo ya robine iko na misumari miwili, na kwa nini wamama wanapiga kelele mutu akitundika kofia pale. Mutapata jibu, lakini muvumilie kuliko mimi.

Nilifika robine nikitoka kwa masista, na miaka mitatu ya sekondari. Masista walitaka niwe mwalimu. Baba akafa, na nyumba ikahitaji mutu wa kazi mara moja. Wakati ule nilijua mito yote ya Ubelgiji kwa majina, na hata mumoja haukufika kwenye avenue yetu. Mulinzi wa robine alikuwa Mama Numbi, mujane wa mutu wa gari la moshi, mutu wa kaskazini kama sisi. Numbi ni jina la mutoto anayezaliwa nyuma ya mapasa. Alisema alipozaliwa alikuta wakubwa wake wamekwisha kula heshima yote ya nyumba, ndiyo sababu akajifunza kuchukua yake kwa nguvu. Hakujua kusoma. Ofisi ya mayi ilitaka daftari la mambo yanayovunjika, basi akaomba mutu wa kuandika, na mutu yule alikuwa mimi.

Siku ya kwanza alinipa ufunguo, ule muchuma murefu wa mukono kama musalaba, munaujua, haujabadilika. Nilifikiri atanionyesha kufungua. Hapana.

— Weka sikio hapa, akasema.

Nikaweka sikio kwenye muchuma. Ulikuwa baridi.

— Unasikia nini?

— Sisikie kitu.

— Basi mayi haiko. Ukifungua sasa, utatoa upepo, na bamama batakutukana. Kwanza sikiliza, kisha fungua. Kwa masista hawakukufundisha ile?

Hawakunifundisha. Nilijifunza pale: mayi yanayokuja yananguruma chini chini kama tumbo la mutu mwenye njaa, na upepo unapiga filimbi. Mpaka leo nikisikia tumbo la mume wangu nafikiri mayi yamefika.

Kosa langu la kwanza lilikuja saa ileile. Munajua beseni zinapangwa toka alfajiri, na wenyewe wanarudi nyumbani kupika. Beseni moja, ya buluu, ilifunga njia. Nikaisukuma kwa muguu. Mulongo mzima ukapaza sauti kama nimemupiga mutu teke la tumbo. Mama Numbi akaniita.

— Beseni ni muntu. Haiendeshwe na muguu, hairukwe, haipitwe. Mwenye beseni hayuko, lakini yeye ndiye iko hapa. Omba radhi.

— Kwa nani?

— Kwa ule ulipiga.

Nikainama mbele ya beseni ya buluu. Kwa jeuri ya shule nikaiambia: «Pardon, madame.»

— Sema Swahili, akasema Mama Numbi. Haikusoma.

Wamama walicheka mpaka mwenye beseni akasikia toka jikoni kwake akaja kuona. Toka siku ile sikupiga beseni ya mutu. Na mimi nikaanza kuzijua kama munavyojua sura: yenye pengo, yenye kiraka cha bati, ile ya mama munene anayepika munkoyo, kinywaji cha mahindi. Ninyi pia muzijue. Mwenye kupika munkoyo anahitaji mayi mengi, na siku za kupika atawaletea beseni za ndugu ambao hamujawahi kuwaona.

Halafu kulikuwa na musumari. Wakati ule ulikuwa mumoja tu, Mama Numbi aliupigilia mwenyewe kwa jiwe. Nyumba ikipata mutoto, mutu wao anakuja kutundika kitambaa cheupe pale. Toka saa ile mpaka kitovu cha mutoto kianguke, beseni ya nyumba ile inapita mbele ya zote, na haiulizwe kitu. Tuliita mayi ya kitovu. Hakuna karatasi ya ofisi iliyoandika sheria hiyo, na hakuna mwanamuke aliyeinungunikia, sababu kila mumoja alikwisha kupita mbele, ao alitumaini kupita.

Ndiyo, kuna waliojaribu ujanja. Mwaka wangu wa pili mwanamuke mumoja, tumuite yule wa munkoyo, alitundika kitambaa na kuja amebeba mutoto mugongoni, amefunikwa kabisa, kimya. Mama Numbi akamujazia beseni, akamujazia ya pili, akamupongeza. Kisha akasema:

— Mutoto mupole, huyu. Tunamuomba tumusalimie.

— Amelala, Mama.

— Basi tutamusalimia polepole.

Akafunua kitambaa. Lilikuwa boga. Boga zuri, ninakubali, na lilikuwa limefungwa vizuri kuliko watoto wengine. Mama Numbi hakupiga kelele. Akalichukua boga, akaliweka chini ya musumari, na akasema kitovu chake kikianguka atamuita mwenyewe. Siku tatu tulipita tukilisalimia. Siku ya nne tulilipika.

Sasa mambo ya vyombo, sababu najua ninyi munapenda kungoja fundi. Sisi hatukuwa na fundi wa kungoja. Bomba lililokuja kwetu lilikuwa zee kuliko avenue. Wakati wa jua na vumbi udongo mwekundu ulipasuka, na bomba lilipasuka pamoja nao. Nilikuwa na kisanduku changu: mpira wa ndani wa baiskeli, kamba iliyopakwa mafuta, kisu, na vipande vya ngozi vya kuweka ndani ya robine isidondoke. Ngozi ile tuliikata kwenye viatu vizee. Chukueni kiatu cha polisi. Kinadumu kuliko cha karani, sababu ngozi ya polisi imekwisha kuzoea taabu. Nilifunga bomba lile kwa mpira mahali pengi mpaka Mama Numbi akasema si bomba tena, ni baiskeli inayopitisha mayi. Halafu magoti yake yakamuchokesha, akaniachia ufunguo, akawa anakuja na kiti chake kuketi tu na kukosoa.

Ndiyo pale bei ilipopanda.

Karani Hilaire alikuja na tangazo. Hilaire munamujua: kofia, miwani, kalamu mbili mufukoni, moja haiandike. Ameoa binti wa mama mudogo wangu, kwa hiyo ni shemeji. Akapanda juu ya sanduku, akasoma kwamba mayi yatalipwa zaidi, na juu yake kitaongezwa kitu kwa ajili ya mufereji wa mayi machafu, sababu ofisi inataka kuweka bomba jipya, kubwa, toka barabara kubwa mpaka kwetu. Wamama wakapiga kelele ya kutosha kulivunja bomba la zamani palepale.

— Tutalipa mufereji? Mayi muchafu tunamwanga bure!

— Unamwanga kwangu! akasema jirani yake.

Mimi ndiye niliyesimama upande wa Hilaire. Andikeni hiyo, musiisahau, sababu watu wananiita mukorofi wa bei. Nilikuwa nimeweka kipande cha bomba zee nyuma ya kisanduku changu. Nikakileta, nikapitisha kidole kwenye tundu lake, nikakichezesha mbele yao.

— Hii ndiyo inawapatia mayi ya kunywa, nikasema. Mi nimechoka kuivalisha mpira. Tulipe, tupate bomba.

— Beatrisi, walikupatia ngapi? akauliza yule wa munkoyo.

— Walinipatia boga, nikamuambia.

Wakacheka, na kiisha kucheka walilipa. Na ninasema ukweli: bomba lilikuja. Watu walichimba, mabomba meusi yalifika, ambayo mutoto angeweza kutambaa ndani, na mufereji ulipita nyuma ya nyumba. Ninyi munafungua leo na mayi yanatoka yakiruka. Hamukuvalisha kitu mpira. Bei ile ilifanya kazi yake. Hasira yangu haiko pale.

Pamoja na bei mpya kulikuja jetoni, vile vipande vya shaba vyenye tundu katikati: kipande kimoja, beseni moja. Na pamoja na jetoni alikuja muzungu wa kuzisimamia. Alikuwa na fimbo yenye alama, akaitia ndani ya kila beseni kuona kama si kubwa kupita sheria. Kufika saa sita jina lake lilikuwa Bwana Kipimo, na nafikiri mpaka leo hajui. Hakuwa mutu mubaya. Alikuwa mutu anayefikiri kitu kikipimwa kimekwisha kueleweka.

Siku yake ya kwanza aliona jua ni kali, akatafuta mahali pa kuweka kofia yake nyeupe, akaona musumari. Akaitundika.

Wa mbele mulongoni akaonyesha kofia kwa kidole. Kisha vigelegele vikapanda toka mbele mpaka nyuma. «Bwana amezaa!» Mama mumoja akamushika mukono. Mwingine akamuuliza kama ni mwanaume ao mwanamuke. Yule wa munkoyo akaondoa beseni yake mbele kwa heshima, ili ya Bwana ipite. Bwana akamuuliza Hilaire wanasema nini.

— Wanafurahi kukuona, akasema Hilaire kwa Kifaransa.

Nilikuwa pale na ufunguo wangu, ninasikia lugha zote mbili, na nikacheka kama wengine. Ningejua, singecheka. Pale ndipo niliona mara ya kwanza namna shemeji anatafsiri: kile kinachoweza kumuletea maneno, anakimeza. Na kwa kuwa hakueleza kofia, hakueleza musumari. Na kwa kuwa hakueleza musumari, Bwana Kipimo aliandika kwamba mayi yote ni kwa jetoni, hakuna cha kupita mbele. Nilibishana na Hilaire polepole. Akasema ataangalia. Akaendelea kuangalia, na wakati ule nyumba yangu ndiyo ilifuata kuzaa.

Nilifanya kazi mpaka tumbo likafika kwenye ufunguo mbele yangu. Mume wangu alikuwa kazini kwenye njia ya gari la moshi, upande wa Mokambo, wakati mapasa walipokuja: Kyungu kwanza, na nyuma yake Kabange. Kyungu alitoka akilia kama anadai kitu. Kabange alitoka mudogo kama sungura, na akanyamaza.

Kama ninyi si watu wa kwetu, mujue hivi. Mapasa hawabaguliwe. Ukimupa mumoja shanga, mwingine anapata shanga, saa ileile, kwa mukono uleule. Ukimusalimia mumoja, salimia wote. Yule uliyemuacha anaona hakupokelewa, na anaweza kurudi kule alikotoka. Nimesoma, ninajua mambo ya maziwa na mizani ya dispensari. Lakini mweke mutoto mwenye uzito wa sungura mukononi mwako, halafu uniambie utajaribu kuona kama wazee walikosea. Mimi sikutaka kujaribu na Kabange.

Kwa hiyo mama alikwenda asubui ile ya siku ya nne na beseni mbili na vitambaa viwili, akavifunga vyote kwenye musumari mumoja. Na Bwana Kipimo akajaza moja.

Nilitoka na Kyungu mugongoni na Kabange kifuani. Mama alinifuata na beseni iliyojaa juu ya kichwa na ile kavu mukononi. Nilimukataza kumwanga hata tone. Mulongo uliponiona ulinifungulia njia, sababu wote walijua hesabu ya siku zangu. Hilaire alitaka kuingia nyuma ya nguzo, lakini nguzo ni nyembamba.

— Shemeji Hilaire, beseni hii ni ya nani?

— Ni yako, shemeji.

— Mimi niliomba? Ni ya Kyungu ao ya Kabange?

Nikamuuliza tena:

— Unajua mambo ya mapasa ao haujue?

— Najua.

— Basi ambia Bwana.

— Shemeji, akasema sauti chini, najua kwa Kiluba. Kwa Kifaransa sijue namna ya kuisema na kubakia na kazi.

Bwana Kipimo akauliza mama huyu anataka nini. Hilaire akatoa miwani, akaifuta, akajibu:

— Anashukuru.

Nikasema mimi mwenyewe, kwa Kifaransa cha masista, na kila neno na mwisho wake: hapana, bwana, sishukuru. Bwana akafurahi sana. Hakujua nimesoma. Akaniambia kwa upole kwamba hawezi kusikiliza maneno robinini; kama niko na lalamiko, niliandike, nilipeleke ofisini, kwa utaratibu.

Alifikiri amefunga robine. Kumuambia mutu wa sekondari aandike!

Tulikwenda. Mulongo mzima uliacha beseni zake pale zikilinda nafasi, na wamama wakanifuata wakiimba nyimbo za mapasa. Munazijua nyimbo zile: zote ni matusi, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Waliimba juu ya fimbo ya Bwana, urefu wake, na kama kweli inafika mahali. Mama Numbi alikuja nyuma na kiti chake, magoti na yote, akiimba kuliko wote. Bwana, aliyetembea pembeni, aliuliza Hilaire wanaimba nini. Hilaire alisema ni mambo ya kanisa.

Ofisini niliketi kwenye kiti cha Mama Numbi, akanishikia Kyungu. Niliweka karatasi juu ya kisanduku changu cha vyombo. Ningeweza kuandika Kifaransa. Lakini barua ya Kifaransa ingefika kwa mukubwa moja kwa moja, na shemeji angepona. Niliandika Swahili, ili karani asome yote na kuitafsiri kwa sauti, akiwa amesimama. Nilifanya kopi kwa ajili ya daftari la robine, kama Mama Numbi alivyonifundisha kwa kila kitu kinachovunjika. Hii hapa.

*Kwa Bwana Mukubwa wa ofisi ya mayi, Elisabethville.*

*Mimi Ngoy Beatrisi, mulinzi wa robine ya avenue yetu, mama wa Kyungu na Kabange, ninaleta lalamiko.*

*Silalamikie bei. Bei ilipanda, mimi ndiye niliyewaambia watu walipe, walilipa, na bomba ni zuri. Mufereji pia ni muzuri. Ninalalamikia zawadi.*

*Leo asubui Bwana anayesimamia jetoni alitoa beseni moja ya mayi kwa nyumba yenye watoto wawili. Alifikiri anafanya vizuri. Kwetu, kumupa pasa mumoja na kumuacha mwenzake ni kumuambia mwenzake kwamba hakuzaliwa. Kabange ni mudogo, na sina ruhusa ya kumuambia hivyo. Kumununulia yake na jetoni hakutoshi, sababu ya Kyungu haikununuliwa.*

*Beseni ya Kyungu iko mbele ya mulango wako, imejaa kama ilivyojazwa. Hakuna aliyekunywa, hakuna aliyeogeshwa. Pembeni yake iko beseni ya Kabange, kavu. Ninaomba Bwana wa jetoni ajaze ya pili, kwa mukono uleule na bila jetoni, ao amwange ya kwanza hapa chini mbele ya watoto wote wawili, wawe sawa, nasi tutaondoka bila neno. Njia ya tatu sikuiona, na nimeitafuta toka asubui.*

*Ninaomba pia kitambaa cha kuzaliwa kiheshimiwe kama zamani, na musumari wa pili upigiliwe kwenye nguzo kwa ajili ya mapasa, ili mulinzi anayenifuata asilazimike kueleza kitu hiki kwa lugha yoyote.*

*Karani Hilaire atasoma barua hii yote bila kupunguza. Akisema ninashukuru, ajue niko chini ya dirisha, na ninasikia Kifaransa.*

*Ninangoja kwenye ngazi, chini ya dirisha, katikati ya beseni mbili. Kyungu amelala. Kabange ameamuka, na anatazama yake.*